Mawimbi ya Ubongo na Utayari wa Misuli: Somo kwa Wanaoishi na Kifafa

Ubongo hautulii hata mwili unapopumzika. Seli zake za neva hupelekeana ishara za umeme, na nyingi zinapofanya hivyo kwa pamoja huzaliwa mawimbi yanayopimika juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger, tabibu wa Ujerumani, alitangaza kipimo hicho kwa binadamu mwaka 1929.

Juu ya gamba la mwendo, yaani sehemu ya ubongo inayoamuru misuli, kuna wimbi linalopiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde mkono ukiwa umetulia. Mtu anapouinua mkono, au anapokusudia tu kuuinua, wimbi hilo hufifia na seli huwa nyepesi kuitika. Tangu mwaka 1985 wataalamu wameweza kuliamsha gamba hilo kwa sumaku iliyowekwa juu ya kichwa, wakapima jinsi kidole kinavyoshtuka. Baadhi ya majaribio yameonyesha kuwa msukumo uleule huleta mshtuko mkubwa zaidi wimbi likiwa bondeni kuliko likiwa kileleni. Utayari wa gamba la mwendo, basi, hupanda na kushuka.

Kupanda na kushuka huko kuna mizani: kemikali iitwayo glutameti huchochea seli, na nyingine iitwayo GABA huzituliza. Uchocheaji ukizidi, seli nyingi hufyatua umeme kwa pamoja na kupita kiasi. Hapo ndipo degedege la kifafa hutokea. Likianzia eneo la mkono, huenda kidole gumba kikatikisika kwanza, kisha mkono, kisha uso. Kwa hiyo mhudumu wa afya amuulize aliyeshuhudia: lilianzia wapi?

Si kila degedege hutikisa mwili. Huko Mahenge, kusini mwa Morogoro Mjini, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaeleza habari za watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa baadaye kwa watoto wa namna hiyo Afrika Mashariki vilithibitisha kuwa hilo nalo ni degedege: shingo hupoteza nguvu ghafla.

Fenobabitoni, dawa ya miaka mingi katika zahanati zetu, huipa nguvu kazi ya GABA. Mgonjwa akiiacha ghafla kwa kuwa amepata nafuu, breki huondoka wakati ubongo umekwisha kuizoea, na degedege huweza kurudi kwa ukali. Dawa ipunguzwe polepole, kwa ushauri wa daktari.

Aliyeanguka alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Wala asiogopwe: kifafa hakiambukizwi kwa mate.