Zip Inafunga Mzigo, Haifungi Mlango

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani KRA, ikikaribia, wateja wenye biashara hutuuliza swali moja: nitamtumiaje mhasibu taarifa za malipo za mwaka mzima kwa mara moja? Kuambatisha faili kumi na mbili moja moja kunachosha, na ukisahau ya mwezi mmoja tu, hesabu zinakataa.

Usipakue programu yoyote, na usilipe mtu. Kompyuta yako tayari inajua kutengeneza zip. Windows imekuwa nayo tangu XP ya 2001. Weka faili zote kwenye folda moja, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha maus. Windows 10, chagua "Send to" kisha "Compressed (zipped) folder". Windows 11, tafuta "Compress to". Mac ni "Compress" tu. Umemaliza.

Lakini usitarajie miujiza. Zip hupunguza ukubwa kwa kufupisha yanayojirudia, kwa hivyo orodha ya miamala ya CSV, yenye maneno yale yale kila mstari, hupungua sana. Picha za risiti zilishabanwa na simu yako, na PDF nyingi ni hivyo hivyo. Gmail mwisho wake ni MB 25, so folda ya picha inaweza kugoma hata baada ya zip. Igawanye mara mbili.

Sasa hapa ndipo tunataka uskize. Zip si kufuli. Hiyo ya Windows haiweki paswadi, na yeyote atakayeipata atasoma majina na namba za wateja wako. Kama PDF ya taarifa ilikuja na paswadi, usiitoe. Mpigie mhasibu umwambie, usiiandike kwenye barua pepe ile ile. CSV ifungue kwa Excel, uihifadhi kama faili ya Excel yenye paswadi. Ukiwa saiba, futa kila kitu kwenye Downloads na Recycle Bin kabla hujainuka.

Na zip ikikujia wewe, eti "malipo yako yamekwama", kutoka kwa mtu usiyemjua? Windows huficha mwisho wa jina la faili, hivyo kile unachoona kama "statement.pdf" kinaweza kuwa "statement.pdf.exe", yaani programu, si karatasi. Usiifungue. Tupigie kwanza.