Msitu wa Kuwaziwa na Msitu Wenyewe

Ndugu wasomaji, na zaidi ninyi vijana wa Kalima, Punia, Kampene na Namoya: mtu akiwauliza Maniema ni nini, mnajibu nini? Wengi wanajibu, "Ni msitu." Kiisha wananyamaza, sawa vile neno hilo linatosha. Na mtoto wa mjini akitaka kumchokoza mwenzake, anamwita "mtu wa pori", na yule anaona haya.

Haya hiyo ina historia yake. Kuna Maniema mbili. Moja iliwaziwa na watu wa mbali, wakaiandika katika vitabu vyao. Nyingine ni hii tunayokaa ndani, ambayo mito yake ina majina na watu wake wana kazi zao. Tuanze na ile ya kuwaziwa.

Miaka 150 na zaidi iliyopita, ramani za Ulaya zilikuwa nyeupe mahali petu. Lakini mahali peupe hapakai hivyo siku nyingi. Watu wanapajaza na hadithi. Wasafiri walisikia kwa wafanya biashara wa Ujiji na Zanzibar habari za "Manyema", inchi yenye pembe za ndovu mingi, na ya watu wanaokula watu. Jina hilo si la kabila moja. Lilikuwa kama gunia: wakatiwa ndani Warega, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine, wote pamoja, bila kuulizwa.

Mwezi wa tatu mwaka 1871, Daktari David Livingstone, mmisionari wa Uskoti, alifika Nyangwe kando ya Lualaba. Aliona mto mpana sana unaokwenda kaskazini, akawaza kwamba labda ni Nile. Alikuwa na tumaini hata la kuona chemchemi ambazo Herodotus, mwandishi wa zamani wa Ugiriki, alizisimulia. Alikufa mwaka 1873 akiwa bado anazitafuta. Mwaka uliofuata, Mwingereza Cameron alifika Nyangwe na vyombo vyake, akapima. Aliona kwamba Nyangwe iko chini kuliko Nile inapopita Gondokoro, kule Sudani ya Kusini. Basi, maji hayapandi mlima! Mwaka 1876 Stanley aliondoka Nyangwe, Tippu Tip akimsindikiza kipande cha njia, na mwezi wa nane mwaka 1877 akatokea Boma, karibu na bahari. Lualaba ikajulikana kuwa ndiyo Kongo.

Ikajulikana na nani? Wagenya walikuwa juu ya maji hayo na mitumbwi yao kabla ya wote hao. Livingstone alikaa Nyangwe karibu miezi minne akiomba mtumbwi wa kuvuka, hakupata. Wenye mitumbwi waliona amefika pamoja na watu wa bunduki, wakamnyima. Walikuwa na haki ya kuogopa. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, siku ya soko, watu wa wafanya biashara walipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe. Wamama waliokuja na samaki na mihogo walikimbilia mtoni, wengi wakazama. Wafanya biashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akayaandika, na barua yake ilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Mnaona? Katika inchi iliyosemwa kuwa ya watu wakali, waliouawa ni wanawake waliokuwa sokoni na vikapu vyao.

Sasa tuangalie inchi yenyewe.

Lualaba inatoka Katanga. Inapita Kongolo, karibu na Kasongo na Kibombo, inafika kwetu Kindu, kiisha inashuka mpaka Ubundu. Chini kidogo ya Kongolo, mto unabanwa katikati ya mawe, na Wazungu walipaita Mlango wa Jehanamu. (Mimi ni mchungaji, ninasoma Biblia tangu miaka mingi, sijaona mahali imeandikwa kwamba jehanamu iko karibu na Kongolo.) Juu ya maporomoko kama hayo Wabeleji walijenga njia ya reli toka Kongolo mpaka Kindu, ikamalizika mwaka 1911. Toka Kindu mpaka Ubundu mashua zinapita vizuri. Mbele ya Ubundu yanaanza maporomoko saba ya Boyoma mpaka Kisangani, na hapo tena reli. Vijana mnaojiuliza kwa nini mji wa Kindu uko hapa na si kwingine, jibu ni hilo: hapa gari la moshi linaachia mashua mizigo.

Toka mashariki inashuka Elila, Ulindi na Lowa, ikitoka milima ya Kivu. Magharibi, Lomami inatembea sawasawa na Lualaba, sawa vile ndugu wawili wasiosemezana, mpaka wanakutana mbele ya Kisangani. Na msitu si mmoja. Kusini, upande wa Kasongo na Kabambare, unafunguka, unapata majani marefu. Kaskazini, Punia na Lubutu, unafunga kabisa.

Hata wanyama wanaujua mto kuwa mpaka. Gorila na sokomutu wako upande wa mashariki ya Lualaba. Bonobo, ndugu yao mdogo, ako upande wa magharibi tu. Hawaogelei, maji makubwa yaliwatenga tangu nyakati za kale sana.

Lakini watu, mto haukuwatenga. Uliwakutanisha. Wasongola wa upande wa Kailo wanalima na kuwinda, Wagenya wanavua. Kando ya Lualaba kulikuwa masoko ambapo mama wa mtoni alileta samaki, mama wa msituni akaleta mihogo, wakabadilishana bila franga. Wazee wa makabila hayo waliweza kusemezana na kuoana. Wakumu wako Lubutu na Punia. Wabangubangu wako Kabambare, Wazimba upande wa Kasongo, Wakusu upande wa Kibombo, na lugha yao ni ndugu ya Kitetela.

Warega wa Pangi, ambao ndugu zao wengine wako Shabunda na Mwenga, hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Walikuwa na bwami. Mtu alipanda ngazi moja moja, yeye na bibi yake, kwa kufundishwa, kwa kutoa mali, na kwa tabia iliyoshuhudiwa na wengine. Ngazi ya juu iliitwa kindi. Sanamu ndogo za pembe na za mti zilikuwa kama vitabu: kila moja na mezali yake, na mwalimu alizionyesha akifundisha. Serikali ya Wabeleji ilikataza bwami mwaka 1948. Katika makanisa yetu pia wengi walifundishwa kuita mambo yote hayo uchawi, bila kupekua. Sisemi tuyarudishe katika ibada. Ninasema kwamba leo sanamu hizo ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya, watu wanalipa kuziangalia, na kijana Mrega wa kambi ya Kalima hajui hata moja ilisema nini.

Tena kuna Waungwana, ambao wazee wao waliishi na watu wa Tippu Tip kule Kasongo, wakashika Uislamu na kilimo cha mpunga. Kiswahili hiki ninachowaandikia kilikuja kwa njia hiyo hiyo ya machozi; ndiyo maana wengine wanakiita Kingwana. Na wengi waliochukuliwa toka hapa hawakurudi. Wajukuu wao wako Ujiji, Kigoma na Dar es Salaam, na mpaka leo wanajiita Wamanyema. Jina la gunia wakaligeuza kuwa jina la jamaa.

Kwa nini ninasumbua vijana wa machimbo na habari hizi? Shauri ya ramani. Wabeleji walihamisha vijiji, wakavipanga kando ya barabara, ili iwe rahisi kuhesabu watu na kutoza kodi. Nyuma ya barabara ramani ikaandika: msitu. Kiisha makampuni ya mawe yakaja, na mwaka 1976 yakaungana kuwa Sominki. Bei ya kasiterite ilianguka mwaka 1985, na miaka ya 1990 Sominki ikamalizika. Mashimo yalibaki. Lakini ukiingia ndani ya ule msitu "mtupu" na mzee, atakuonyesha michikichi: hapa palikuwa kijiji cha babu. Atakuonyesha mpaka wa jamaa mbili, nao ni kijito kidogo tu chenye jina. Siku watu wa ofisi wanapokunjua ramani ya kibali cha kuchimba, au ya hifadhi ya wanyama, nani atasema jina la kijito hicho, kama wazee wamekwisha kufa na kijana anajua jina la shimo lake tu?

Mwaka 2016 serikali ilifungua Hifadhi ya Lomami, kilometa za mraba 8.879, sehemu Maniema, sehemu Tshopo. Mojawapo ya sababu za kuilinda ni nyani mmoja mwenye uso mrefu na macho kama ya mtu. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 kule Opala, jirani zetu wa kaskazini, akifugwa nyumbani kwa mtu. Mwaka 2012 walitangaza dunia nzima kwamba wamepata aina mpya. Wakampa jina la vitabuni linalotoka katika mto Lomami. Lakini wawindaji wa kule walikuwa wanamwita lesula tangu zamani, na lesula ndilo jina watu wanalolitumia mpaka Marekani.