Kabla ya Kalamu Nyekundu

“Kifaru kikubwa kimelala.” Mgeni anayejifunza Kiswahili akiandika hivi, mwalimu humsahihisha: kifaru mkubwa amelala. Amefanya sawa. Mtafiti wa uchanganuzi makosa naye huuliza: mwanafunzi huyu amefikaje hapo? Amefikishwa na kanuni. Amejifunza kiti kikubwa na kisu kikali, akaiona ki- ya kifaru, akapatanisha. Hajajua tu kwamba watu na wanyama hufuata upatanisho wa A-WA.

Mwaka 1967, mwanaisimu S. Pit Corder alieleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa anachokijua. Alitenganisha kuteleza na kukosea. Aliyeteleza ulimi hujirekebisha mwenyewe akitulia. Wahenga walishasema, kuteleza si kuanguka. Kosa halisi hujirudia kwa utaratibu, kwa kuwa mwenyewe anaamini ndivyo lugha ilivyo. Mwaka 1972 Larry Selinker aliupa jina mfumo huo anaojijengea mwanafunzi: lugha ya kati.

Makosa hupangwa kwanza kwa umbo. Dulay, Burt na Krashen, mwaka 1982, walitaja makundi manne. Kuna kudondosha: “ninapenda Asha”, badala ya ninampenda. Kuna kuongeza: “sikukula”, badala ya sikula. Kuna kukosea umbo: “kitabu yangu”. Na kuna kuvuruga mpangilio: “kubwa nyumba”.

Kisha huulizwa chanzo. “Kubwa nyumba” ya Mwingereza yaelekea imetoka kwenye lugha yake, ambamo sifa hutangulia nomino. “Sikukula” imezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe: aliyezoea nilikula na nitakula huiona -kula kama mzizi usiogawanyika, akaukanusha wote mzima. Huku ni kujumlisha kanuni kupita mpaka wake.

Ugumu uko kwenye “kitabu yangu”. Umbo lake liko wazi, chanzo hakiko wazi. Mwingereza huenda anatatizwa na ngeli, ambazo lugha yake haina. Lakini aliyekulia Lubumbashi, Kongo, huenda anasema kama wanavyosema jirani zake wote. Kwao hiyo ni lugha ya kila siku, na huhesabiwa kosa pale tu tunapoipima kwa Kiswahili sanifu. Ndiyo maana mtafiti makini hutaja kipimo chake mapema, na humjua aliyeandika kabla ya kuliweka kosa lake kwenye kundi.

Mwalimu naye anaweza kufanya hivyo kwa daftari la safu nne: alichosema, alichokusudia, umbo la kosa, chanzo chake. Safu ya mwisho isijazwe kwa kukisia. Mwulize mwanafunzi kwa nini amesema hivyo. Yule wa kifaru hana haja ya kurudishwa kwenye somo la kwanza la ngeli. Anahitaji sentensi moja tu kuhusu watu na wanyama, na kuambiwa kwamba kanuni aliyoitumia ni ya kweli.