HESABU ZA CHUO KIKUU ZISIPOLINGANA



Vijana wengi wa mkoa wetu wa Ruvuma wanasoma vyuo vikuu vya umma. Wengine wako Dar es Salaam, wengine Dodoma. Wengi wanasoma kwa mkopo wa serikali. Mkopo huo unatokana na kodi yetu. Ukinunua sabuni dukani Songea, nawe umechangia.

Pesa hupita wapi?

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ada ya mwanafunzi Bodi huilipa chuoni. Pesa za chakula na malazi ni za mwanafunzi mwenyewe. Kwa hiyo yako madaftari mawili: la Bodi na la chuo. Yanatakiwa yaseme jambo moja.

Kwa nini hayalingani?

Tuchukue mfano wa mahindi. Karani wa mzani ameandika gunia 40. Mtunza ghala ameandika 37. Je, gunia 3 zimeibwa? Tusikimbilie kusema hivyo. Huenda bado ziko njiani. Huenda karani alikosea kuandika. Na huenda kweli mtu amezichukua.

Chuoni ni vivyo hivyo. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni. Pesa ikitoka kwa Bodi Juni na kuandikwa chuoni Julai, madaftari hayatalingana, wala hakuna mwizi. Au kijana ameacha masomo, lakini jina lake bado limo kwenye orodha. Hapo hela hazina mwenyewe, na zinapaswa kurudi kwa Bodi. Zisiporudi, kijana mwingine maskini hukosa nafasi.

Ubaya wa tatu ni udanganyifu. Ukaguzi uliojulikana mwaka 2016 ulikuta wanafunzi waliolipwa mkopo katika vyuo viwili kwa wakati mmoja. Februari mwaka huo viongozi wa Bodi waliondolewa kazini.

Nani anakagua?

Ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kazi yake imeandikwa katika Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 143. Kila mwaka hukagua na kumpa Rais taarifa, kisha taarifa hufika Bungeni. Humo mbunge wetu anaweza kuuliza kwa niaba yetu.

Sisi tufanye nini?

Tuwaambie watoto wetu wasisaini pesa kwa niaba ya mwenzao asiyekuwepo. Anayeacha chuo atoe taarifa kwa maandishi. Nasi tuanzie nyumbani: mapato na matumizi ya kijiji yasomwe kwenye mkutano mkuu, na tuombe kuona stakabadhi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Taja sababu tatu za madaftari mawili kutolingana.
2. Mara ya mwisho hesabu za kijiji chenu zilisomwa lini?