Mguu wa Askari na Buti Lake

Pamoja na magari na redio zote zilizopo leo, ulinzi wa mpaka bado hufanywa kwa miguu. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, kimewarahisishia kazi madereva wa malori na wasafiri. Lakini mpaka hauishii getini. Kusini uko Mto Sio na vinamasi vyake. Kaskazini iko Malaba, na magharibi yake kidogo ni mji wa Tororo wenye mwamba wake mashuhuri, ambao kilele chake kinafika kadiri ya mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Raia wa Busia alikwisha kupata nafuu zamani: inasemekana jina la bodaboda lilizaliwa hapo, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Askari wa doria katika njia za panya hana bodaboda. Ana buti.

Askari mwenye malengelenge ni pungufu la mtu mmoja kikosini, na historia inalithibitisha jambo hili kwa ukali. Katika vita vya 1914 hadi 1918, maelfu ya askari katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji waliondolewa mstari wa mbele pasipo kuguswa na risasi, kwa kuwa miguu yao ilikuwa imeharibika kwa maji na baridi. Waingereza walilazimika kuamuru kwamba soksi zibadilishwe na miguu ipakwe mafuta ya nyangumi.

Buti la kazi hutolewa na kikosi. Hata hivyo, askari ambaye kanuni zake zinamruhusu kuwa na jozi ya pili hufika sokoni, na sokoni ndiko tunakotaka kufuatana naye.

Kwanza, aende jioni. Mguu uliosimama kutwa huvimba, na buti linalomtosha mtu asubuhi laweza kumbana saa kumi na moja. Avae soksi zile zile nene za kazi, ajaribu miguu yote miwili, kisha achague kwa kufuata mguu ulio mkubwa; ni watu wachache ambao nyayo zao zinalingana kabisa. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nyuma, kisigino kisiinuke anapotembea. Hapo ndipo wengi hukosea: hubonyeza ncha ya kiatu, wakaridhika, na kumbe lengelenge huanzia kisiginoni.

Namba ya kiatu isimdanganye mtu. Namba 8 ya Uingereza si namba 8 ya Marekani, nayo 42 ya Ulaya ni hesabu nyingine tena. Baadhi ya mabuti ya kijeshi hupimwa kwa milimita za urefu wa wayo, na kipimo hicho ndicho kinachoaminika zaidi. Mtu aweza kujipima nyumbani: asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, apige alama penye ncha ya kidole kirefu.

Katika mitumba, uzuri wa nje ndio mtego. Soli nyingi nyepesi za siku hizi ni za plastiki yenye vitundu vya hewa, ambayo huozeshwa na unyevu na joto hata kama kiatu hakijavaliwa. Buti lililokaa ghalani miaka mingi laweza kung'aa kama jipya, kisha soli ikamegeka vipande katika doria ya kwanza. Mnunuzi alikunje, aibonye soli kwa ukucha. Ikipasuka au ikitoa unga, alirudishe. Soli ya mpira iliyoshonwa kwenye ngozi hushinda ile iliyogandishwa kwa gundi tu, kwani fundi wa viatu aweza kuibadilisha.

Asivutiwe pia na mabuti manene yaliyotengenezwa kwa michezo ya theluji. Hayo yana kiatu laini ndani ya kiatu, na humshika mtu kisigino barabara; lakini yalikusudiwa kufungwa juu ya ubao, si kutembelewa kilomita kumi katika jua la Tororo. Kwa vinamasi vya Sio, mfano bora ni buti la msituni ambalo Wamarekani walilitumia Vietnam katika miaka ya 1960: ngozi chini, turubai juu, na vitundu viwili ubavuni vya kutolea maji. Buti lisilopitisha maji kabisa, likishaingiwa na maji kwa juu, huyahifadhi kama mtungi.

Likilowa, lisianikwe karibu na moto, kwani ngozi hukakamaa na kupasuka. Lijazwe karatasi za gazeti (hata hili letu, likishasomwa) na kuachwa kivulini penye upepo. Mwenye jozi mbili azivae kwa zamu, kila moja ipate siku ya kukauka.

Na buti jipya lisipelekwe doria ndefu siku ya kwanza. Livaliwe kambini saa moja, kesho saa mbili, hadi ngozi ilainike pale mguu unapokunjika. Kazi hiyo yaweza kuchukua majuma mawili, na mtu anayetazamia mvua za Machi anapaswa kuianza mwezi Februari.