Soli Laini Haimalizi Kishindo

Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika habari za askari waliovimba miguu baada ya kutembea masafa marefu. Hawakuwa wameanguka wala kupigwa. Eksirei ilipovumbuliwa ndipo siri ikafichuka, mwaka 1897: mifupa ya nyayo ilikuwa na nyufa.

Kila unapokanyaga, ardhi hukurudishia nguvu inayozidi kidogo uzito wako, na muundi hupinda bila wewe kujua. Mwaka 1975 Lance Lanyon na wenzake walibandika vipimo kwenye muundi wa mtu aliye hai. Alipotembea, mfupa ulibadilika umbo kwa takriban sehemu 4 katika 10,000. Alipokimbia, karibu mara mbili ya hapo. Hatua moja haivunji kitu. Hatari iko kwenye marudio, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika.

Je, soli nene ni kinga? Mwaka 2019 Nicholas Holowka, Daniel Lieberman na wenzao walichapisha matokeo ya kuwapima watu wa Kenya na wa Boston, baadhi wakiwa wamezoea kutembea peku. Sugu nene za nyayo hazikuwapunguzia watu uwezo wa kuihisi ardhi. Viatu vyenye soli laini vilifanya kishindo cha kisigino kipande polepole, lakini kikadumu zaidi, na jumla ya nguvu yake ikaongezeka. Kwa hiyo raha ya wayo si kipimo cha mzigo unaobebwa na mfupa.

Hata hivyo, usikimbilie kuvua viatu. Mfupa uliopewa kazi mpya hujikarabati kwa kubomoa kwanza: seli fulani huondoa sehemu iliyochoka, nyingine hujenga upya, na ujenzi huchukua miezi. Katikati ya hapo mfupa huwa dhaifu. Utafiti wa mwaka 2013 nchini Marekani uliwafuatilia wakimbiaji waliohamia viatu vyenye soli nyembamba kwa wiki 10. Zaidi ya nusu yao walionekana na dalili za mifupa ya nyayo kuelemewa.

Anayebadili kiatu, awe anatoka kwenye raba kwenda akala au kwenye akala kwenda buti, aanze na mwendo mfupi na kuuongeza wiki hadi wiki. Na maumivu yanayong'ang'ania sehemu moja ya mfupa, yakizidi ukitembea na kupoa ukipumzika, yapelekwe hospitali, si duka la viatu.