Safari ya Arafa Huandaliwa Nyumbani

 Ndugu zetu Waislamu, katika mazungumzo yetu ya Ijumaa hii tumekusudia kueleza matayarisho ya safari ya Hija, na hasa matayarisho ya siku moja katika safari hiyo, nayo ni tarehe 9 ya Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hijja, siku ya kusimama Arafa.

Tumeichagua siku hiyo kwa sababu Hija yote imening'inia juu yake. Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha watu kwamba Arafa ndiyo Hija yenyewe. Aliyekosa nguzo nyingine aweza kurudi akaitimiza. Aliyekosa Arafa imempita Hija ya mwaka ule, hata kama ametumia akiba ya maisha yake yote kufika Makka. Itampasa ajivue ihramu kwa amali za umra, achinje, na ailipe Hija hiyo mwaka mwingine. Hebu na tufikiri hasara hiyo ilivyo kwa mtu aliyeweka shilingi juu ya shilingi kwa muda wa miaka 20.

Sasa Arafa ni pahali gani? Ni uwanda mpana, umbali wa kiasi cha kilomita 20 kusini-mashariki ya Makka, nje ya mpaka wa Haram. Ndani ya uwanda huo pameinuka kilima cha mawe makubwa kiitwacho Jabal Rahma, Mlima wa Rehema, na juu yake pamejengwa nguzo nyeupe. Urefu wake kutoka chini haupiti sana mita 70. Mtu aliyezaliwa kwa kuuona Kilimanjaro, au hata vilima vya Taita, huenda asikubali kuuita mlima. Lakini picha zake zimetundikwa katika kuta za nyumba zetu, na wengi wa wazee wetu huondoka makwao wakiwa na azma moja moyoni, kwamba siku ile lazima waupande mpaka juu, waishike ile nguzo, ndipo Hija yao iwe imekamilika.

Jambo hili halina asili katika dini. Katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijria (632), Mtume (s.a.w.) aliwahutubia watu katika bonde la Urana, kisha akaingia Arafa akasimama juu ya ngamia wake karibu na majabali yaliyo chini ya kilima, akielekea kibla, mpaka jua likatua. Hakupanda juu. Naye aliwafundisha waliokuwa mbali naye kwamba Arafa yote ni mahali pa kusimama. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika vyuo vya mwambao wetu, aliandika zaidi ya miaka 700 iliyopita kwamba watu wa kawaida wameshika kuupendelea mlima huo kuliko sehemu nyingine za Arafa, na kwamba wanakosea. Basi kosa hili si la leo, wala hatutarajii kulimaliza kwa khutba moja.

Linalotakiwa ni mambo mawili, mahali na wakati. Mahali ni ndani ya mipaka ya Arafa, na mipaka hiyo imewekewa mabango. Hapa yataka uangalifu, kwa sababu bonde la Urana si Arafa, na sehemu ya mbele ya Msikiti wa Namira imo katika bonde hilo. Aliyesali hapo mbele akakaa papo hapo mpaka magharibi, akaondoka bila ya kuingia ndani ya mipaka, hakusimama Arafa hata kama alilia machozi mchana kutwa. Wakati wake ni tangu jua kupinduka adhuhuri ya siku ya tisa mpaka kuchomoza alfajiri ya siku ya kumi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa watu wa mwambao, mtu mwenye ihramu na akili yake akiwapo hapo hata kwa muda mchache katika wakati huo, hata akiwa amelala katika hema yake, kisimamo chake kimesihi; na kukaa mpaka jua litue ni sunna kubwa isiyofaa kuachwa. Bibi kizee aliyekaa kivulini akiomba dua hakupungukiwa na kitu mbele ya kijana aliye kileleni.

Ikiwa kupanda kilima si sharti, basi ugumu wa safari hii uko wapi? Uko nyumbani, miezi na miaka kabla ya kupanda ndege.

Qurani, katika Sura ya Aal Imran, aya ya 97, imeifunga faradhi hii na uwezo. Na maulamaa wetu hawakuuacha uwezo huo bila ya kuueleza. Nauli na matumizi ya njiani, kwenda na kurudi, ni sehemu yake tu. Kwanza yatangulie madeni ya watu. Kisha yatengwe matumizi ya wale wote wanaomtegemea msafiri, mke, watoto, na wazazi wasiojiweza, kwa muda wote atakaokuwa mbali. Nyumba anayokaa hakulazimishwa kuiuza. Mtu akiondoka na kuacha duka la jirani likimdai unga na mafuta, na watoto wamefukuzwa shuleni kwa karo, huyo amechukua haki za watu akaenda nazo Arafa, na katika hotuba ile ile ya Hija ya kuaga, jambo Mtume (s.a.w.) alilolitilia mkazo mbele ya umati ule ni utukufu wa damu na mali za watu.

Kwa hiyo tunashauri kila mwenye nia akae na daftari pamoja na ahali yake. Aandike anachodaiwa na anachodai, amana zilizo mikononi mwake na za nani, kisha aandike wosia wake na kuwashuhudisha watu. Babu zetu waliosafiri kwa majahazi mpaka Aden na Jeddah walifanya hivyo kwa kuwa hawakujua kama watarudi. Sisi ndege hutufikisha kwa saa chache, na wepesi huo umetusahaulisha wosia.

Kuhusu kukusanya fedha, tunaona inafaa kuwatazama ndugu zetu wa Malaya. Huko wakulima wengi walikuwa wakiogopa kuweka fedha benki kwa sababu ya riba, wakazificha majumbani. Na wakati wa Hija ulipofika, wakauza mashamba na mifugo yao. Walirudi na jina la haji, lakini pa kulima hapakuwapo tena. Mwaka 1959 mchumi wao, Ungku Aziz, alitoa shauri la kuanzisha mfuko wa akiba usio na riba kwa ajili ya wanaokusudia kuhiji, na mwaka 1963 mfuko huo ukaanza kazi. Mkulima aliweka kidogo kidogo, fedha zikatumiwa katika biashara za halali, akapata faida yake na nauli yake, na shamba likabaki kwa watoto. Chombo hicho leo chajulikana kwa jina la Tabung Haji. Familia zetu zinazocheza upatu kwa ajili ya harusi na vyombo vya ndani zaweza kabisa kucheza upatu wa Hija, ilimradi mshika fedha awe mwaminifu na hesabu ziandikwe.

Baada ya fedha huja kibali, na hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, kwani ndipo watu wanapofia.

Nchi ya Saudia haiwezi kuwapokea wote wanaotaka kwenda. Kwa makubaliano ya nchi za Kiislamu, tangu mwaka 1988 kila nchi hupewa nafasi kwa kipimo cha mtu mmoja kwa kila Waislamu 1,000. Viza ya Hija ni ya Hija, na viza ya matembezi si ya Hija. Wako mawakala wanaomwambia mzee wa kijijini kwamba wana njia ya rahisi, atakwenda kwa viza ya matembezi, mengine yatajipanga huko huko. Yanayojipanga huko tuliyaona mwaka 2024. Hija ya mwaka huo iliangukia katikati ya mwezi wa Juni, na tarehe 17 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8 za sentigredi. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki, na katika kila 100 kati ya hao, 83 hawakuwa na kibali. Asiyekuwa na kibali hana hema yenye ubaridi, wala basi la kumchukua kutoka Arafa kwenda Muzdalifa. Hutembea kilomita baada ya kilomita juani, na anapozidiwa huogopa kwenda kwa daktari asije akakamatwa.

Miezi miwili kabla ya msiba huo, Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudia lilikuwa limetoa fatwa kwamba kwenda kuhiji bila ya kibali hakufai, na kwamba mwenye kufanya hivyo anapata dhambi. Wako watakaosema, vipi mtu apate dhambi kwa kuitikia wito wa Mola wake? Tunajibu kuwa yule aliyenyimwa nafasi mwaka huu hajapata uwezo wa njia, na faradhi imeshikana na uwezo. Imamu Shafi ameeleza kwamba Hija ina wasaa, mwenye azma ya kweli aweza kungoja; na ingawa maimamu wengine wameona ni wajibu kuharakisha, hakuna aliyemwajibisha asiyeweza. Na mtu akifa baada ya kuwa na uwezo bila ya kuhiji, warithi wake watamtolea Hija kutokana na mali yake kabla ya kugawana urithi. Kwa nini basi kumlipa wakala wa njia za panya?

Kuna na habari ya mwili. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo iliwapata mahujaji na kuenea mpaka katika nchi zao, na mwaka 2000 ikarudi kwa aina nyingine. Ndiyo maana chanjo yake ni sharti, nayo ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili. Wanaotoka katika nchi zenye homa ya manjano, kama vile Kenya, Uganda, Burundi na Kongo, hutakiwa na cheti cha chanjo hiyo pia. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aonane na daktari wake mapema, achukue dawa za siku zote na ziada, na azitie katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku litakaloweza kupotea. Tena aanze kutembea kila alfajiri kwa miezi mitatu hivi kabla ya safari. Mwanamume mwenye ihramu hafuniki kichwa chake, lakini mwavuli hauharibu ihramu, na mwavuli mweupe ni rafiki mkubwa katika uwanda ule. Kwa bahati, karibu miti 50,000 ilipandwa Arafa kabla ya mwaka 1990 ili kuwatilia watu kivuli. Na miti yenyewe hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu ilivyo, kwani ni mwarobaini.

Na ambaye mwili wake haufai kabisa kwa safari? Mwanamke mmoja wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya baba yake, mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama, naye akamruhusu kumhijia. Kwa hiyo mzee mwenye mali na maradhi yasiyotarajiwa kupona atume mtu wa kumhijia, awe ni mtu aliyekwisha kujihijia mwenyewe. Wana wanaomlazimisha mzazi wa namna hiyo aende ili watu waseme kwamba wamempeleka, na wamwogope Mwenyezi Mungu.

Mwisho twataka kusema na wanafunzi, kwa kuwa katika nyumba nyingi wao ndio wanaosoma karatasi. Babu na bibi wakipata nafasi, kaeni nao baada ya magharibi, mkawasomea manasiki sura kwa sura, si usiku wa kuamkia safari. Wafundisheni talbiya mpaka waiseme bila ya kusitasita. Waulizeni kikundi chao kitafikia Madina kwanza au Jeddah. Kwani wa Madina atahirimia Dhul-Hulayfa, na wa Jeddah hupita usawa wa miqati akiwa angani, kwa hiyo avae nguo zake za ihramu mapema na anuie kabla ndege haijaupita. Andikeni katika karatasi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, jina lake, nchi yake, kikundi chake na nambari ya simu ya kiongozi wake, mkaishone ndani ya mfuko anaouvaa shingoni, na nambari ya hema iongezwe atakapofika. Chini yake andikeni kwa herufi kubwa kwamba Arafa yote ni mahali pa kusimama, ili mwenzake wa hemani amsomee adhuhuri ya siku ile, atakapotaka kutoka kwenda kuutafuta mlima.